Madonge Niliyokataa Kurusha

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na minne, mtoto mmoja, na mkono wa kulia ambao haupandi kupita titi. Wengine wakistaafu hupewa saa ya mfukoni na kuimbiwa. Mimi nilipewa kisogo cha nyapara akienda zake. Hata hivyo kazi niliifanya misimu mitatu, naijua kuliko yule aliyenisimamia, na kwa kuwa nyinyi wadogo zangu mtapanda madungu mtama ukianza kutoa masuke, mtanisikiliza leo kabla hamjaharibiwa. Atakayeona nasema kwa ukali na aone hivyo. Jambo hili sijui kulisema kwa upole.

Kazi yenyewe ni kuamia ndege. Kwa wale ambao hamjaifanya: shamba liko kati ya Mto Voi na njia ya reli, mtama mtupu, mpana kiasi kwamba ukimwita mtu aliye upande wa pili anasikia mvumo tu. Ndani yake kuna madungu, yaani majukwaa ya miti yenye kimo cha watu wawili. Juu ya kila dungu anakaa msichana mmoja tangu alfajiri mpaka jua litue, akilinda kipande chake. Kwelea wakija, anawafukuza. Kwelea mmoja hajazi kiganja, lakini hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama moshi unaojua kugeuka, na wakikaa kwa muda wa kuchemsha chai, kipande chako kimebaki mabua.

Mama zetu waliamia kwa kombeo. Lile ni ngozi na kamba mbili. Ukilizungusha vizuri jiwe linakwenda lenyewe na bega linasinzia. Lakini hizi ni siku za Hali ya Hatari, na mzungu mwenye shamba aliona wasichana kumi na wawili wenye makombeo akaona jeshi. Akayakusanya, akayachoma nyuma ya ghala, akaamuru turushe madonge ya udongo kwa mkono mtupu. Ndiyo maana mama zetu hawawezi kutufundisha kazi hii. Hawakuifanya hivi. Ukimwambia mama bega linauma, anakuuliza kwani unabeba nini.

Habari ya debe niiseme mapema, kwa sababu ndilo lililoniondolea mkono. Kila asubuhi nyapara, Mzee Mwakio, alimpa kila msichana debe moja la madonge makavu, kila donge kama yai la kuku, jumla yake kama mia mbili. Jioni alipita dungu kwa dungu akichungulia ndani ya debe. Likiwa tupu, umefanya kazi, na tiketi yako inatiwa alama ya siku. Likiwa na madonge, ulilala, na siku hiyo haikuwapo. Mtama wenyewe hakuutazama. Misimu mitatu sikumwona akishika suke moja kulikagua. Alikuwa mtu wa madebe.

Nami msimu wa kwanza nilikuwa mjinga wa madebe kumshinda yeye. Nilikuwa nimetoka shule, kidato cha pili, nikarudishwa nyumbani kumuuguza mama, na shule haikunisubiri. Wenzangu waliniita Msomi, na hawakuwa wakinisifu. Nikataka kuwaonyesha kwamba Msomi ana mikono. Treni ya mizigo ilipopita saa nne, debe langu lilikuwa tupu na nilikuwa naomba la pili. Mzee Mwakio akawaambia wengine, "Mtazameni huyu. Mkono kama bunduki." Nikaongezeka kimo pale pale juu ya dungu.

Sasa niwaulize: saa sita mchana kwelea wako wapi? Wako kwenye migunga kando ya mto, wamekaa kivulini midomo wazi kama watu wenye akili. Na mimi nilikuwa wapi? Juani, narusha madonge hewani ili nimalize debe la pili. Nilikuwa nalitupia jua. Halafu saa kumi, ndege wanaposhuka kula kwa pupa kabla ya kulala, mkono wangu ulikuwa umeshakufa. Nikirusha, donge linaanguka kwenye mguu wa dungu. Kipande changu kililiwa kuliko vyote, na nikamaliza msimu nikiitwa mfanyakazi bora. Kumbukeni hilo kila mtakaposifiwa.

Kiwiko kilianza, kikivuma kama waya wa simu. Kisha bega. Siku moja nikashindwa kuchana nywele, ikabidi nikae chini kati ya magoti ya mama, mtu mzima mimi, anichane kama mtoto wa chekechea. Nikaenda kwa dresa wa zahanati. Akanipaka dawa yenye harufu ya kambi ya jeshi, akaniambia nipumzike. Nikamwuliza nipumzikie dungu gani. Akamwita mgonjwa anayefuata.

Aliyenifundisha ni Mama Kioko, Mkamba mmoja, mama wa watoto watano, ambaye dungu lake lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na migunga yenyewe, mahali ndege wanapotokea. Kipande chake hakikuwahi kuliwa. Nilidhani ana dawa. Msimu wa pili nikapangiwa dungu la jirani yake, na siku tatu za kwanza alinitazama tu akitafuna. Siku ya nne akashuka, akapita kwenye mtama, akaja kusimama chini yangu.

"Msomi," akasema, "nani anarusha hapo juu?"

Nikamwambia ni mimi.

"Naona mkono peke yake. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Nikafikiri ananitania. Akapanda. Alikuwa mnene na dungu likalia, tukashikana. Akanishika nyonga kwa mikono miwili, hana haya, akanigeuza ubavu kama anayegeuza gunia. Akasema mkono haurushi. Mkono ni kamba tu. Anayerusha ni matako. Nikacheka mpaka nikakaa. Yeye hakucheka.

Haya, shikeni alichonifundisha, na mkifanye uani kwenu wiki nzima kabla hamjapanda. Usimame ukiwatazama ndege kwa bega la kushoto, si kwa kifua. Uzito wote uwe mguu wa kulia. Piga hatua na mguu wa kushoto kuelekea unakorusha, kiuno kianze kugeuka, kifua kifuate kiuno, bega lifuate kifua, na mkono uwe wa mwisho kabisa kuarifiwa. Kiwiko kisianguke chini ya bega. Na donge likishatoka, usiukate mkono hewani. Uache ushuke mpaka upite goti la kushoto, kama unafagia. Wengi wetu bega liliumia hapo, katika kuuzuia mkono uliokuwa na haraka. Shuleni nilifundishwa habari za nyenzo, nikachora na michoro, nikapata alama. Sikuwahi kufikiri kwamba mimi mwenyewe ni nyenzo.

Tatizo ni kwamba dungu halina nafasi ya kupiga hatua. Waliolijenga hawakufikiri kwamba aliye juu ana miguu. Unasimama kama mshumaa, kifua mbele, na kitu pekee kinachoweza kujongea ni mkono. Mama Kioko aliligundua hilo zamani. Akaja na panga, akakata miti miwili mtoni, tukaongeza sakafu kwa hatua moja upande wa kulia. Mzee Mwakio alipoiona akauliza nani ameruhusu baraza. Mama Kioko akamjibu kwamba amezidi unene na anaogopa kumwangukia nyapara. Mzee akaondoka haraka.

Jambo la pili ni wakati. Usiwarushie kwelea waliotua. Waliotua wanataka madonge kumi. Wale wanaokuja wanataka moja, na si la kuwapiga, ni la kupita mbele yao wakati moshi wao unaanza kuinama. Wa mbele wakigeuka, wote wamegeuka. Na ndege wakishajua kwamba mwanamke huyu hupiga kweli, inua mkono mtupu tu. Nusu ya kazi ya Mama Kioko ilikuwa kuinua mkono mtupu. Nilimhesabia siku moja: tangu alfajiri mpaka jioni alirusha madonge arobaini na moja, na muda uliobaki alisuka kiondo.

La tatu ni kamba. Tuliunganisha madungu yetu mawili kwa kamba ya katani yenye makopo matupu. Siku moja yeye alirusha kwa sehemu zote mbili na mimi nikavuta kamba kwa mguu. Kesho yake tukabadilishana. Bega likarusha siku moja, likalala siku moja. Na alinipa dalili ya kusimama ambayo sijawahi kuiona ikikosea: madonge yakianza kuanguka karibu na kwenda kushoto, nyonga zimechoka na mkono umebaki peke yake. Acha hapo hapo. Piga kelele, imba, tukana, lakini usirushe.

Mtaniuliza, na debe? Mama Kioko alikuwa na shimo la ngiri nyuma ya dungu lake. Jioni, kabla nyapara hajafika, alimwaga yaliyobaki humo, kwaheri. Ngiri mwenyewe alishahama. Akaniambia nami nitafute shimo langu. Nikamwambia huo ni udanganyifu. Nilikuwa mtoto wa misheni. Nikaendelea kurusha yangu yaliyobaki, polepole, kwa nyonga, nikijiambia hayaniumizi. Akanitazama kwa huruma ambayo ilinichukiza.

Msimu wa tatu Mama Kioko alikuwa amerudi kwao Ukambani, na mimi nilikuwa mama. Nilipanda dungu na Wakesho mgongoni, ana miezi mitano. Nikiwageuzia ndege kiuno, naye anageuzwa, mpaka akazoea. Nisiporusha kwa muda mrefu alilia. Bega lilikuwa limepona nusu. Nikaamua: sitarusha donge lisilo na ndege, wala sitatafuta shimo. Jioni ya kwanza nikaliacha debe lilivyo, nikashuka, nikangoja.

Mzee Mwakio akachungulia. Akachungulia tena.

"Hii ni nini?"

"Ni madonge, mzee."

"Naona ni madonge. Kwa nini yako ndani?"

"Kwa sababu ndege wako nje."

Wasichana wawili wa jirani wakacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angekuwa peke yake pengine angenipuuza. Akasema basi nipande tena, niyarushe yote, sasa hivi, yeye akitazama, ndipo atie alama. Na mimi, wadogo zangu, mimi niliyefundishwa na Mama Kioko, nilipaswa kumwambia hapana. Badala yake nikamvua Wakesho mgongoni, nikampa mmoja wa wale wasichana, nikapanda.

Niliyarusha. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Nilirusha kwa hasira, kifua mbele, miguu imeota mizizi, mkono peke yake, moja baada ya jingine bila kuvuta pumzi, nikimtazama usoni badala ya kutazama ninakorusha. Nilitaka aone haya. Hakuona haya. Alikuwa anahesabu. Nilipokaribia mwisho wa debe kitu kikakatika ndani ya bega, kidogo tu, kama uzi wa katani ukivutwa na mashine, na donge likaniponyoka likaanguka kichwani mwa mmoja wa wasichana waliokuwa chini, sijui yupi, maana sikuona tena vizuri. Nikayamaliza yaliyobaki kwa mkono wa kushoto. Akatia alama.

Watu huniambia niliharibiwa na kazi. Siyo kweli, na nitasema kweli hata ikiniumbua. Kwelea hawakunivunja. Nilivunjwa na mtu aliyesema rusha, na pia na mimi niliyerusha ili nimshinde. Usirushe kamwe ukiwa na hasira. Hasira haina nyonga.

Kesho yake nilipanda na mkono umefungwa kwa kanga. Siku hiyo sikurusha donge hata moja. Nilivuta makopo kwa mguu, nikapiga mayowe mpaka sauti ikaisha, nikainua mkono wa kushoto mtupu, na kwelea, kwa kuwa walinijua tangu misimu ile, wakageuka. Jioni debe lilikuwa limejaa mpaka ukingoni na mtama wangu mzima. Mzee Mwakio akachungulia, akageuka. Akaenda kumleta mwenye shamba.

Mzungu akaja na kiko chake. Huyu angalau aliingia kwenye mtama. Akatembea kipande changu, akatembea cha jirani yangu aliyemaliza madebe mawili. Cha jirani masuke yalikuwa kama mahindi yaliyotafunwa. Changu, ungeweza kukipeleka kwenye maonyesho. Akasimama, akatazama debe, akatazama masuke, nikafikiri, naam, ameelewa. Akaamuru kuanzia kesho kila msichana apewe nusu debe. Nusu debe, na jioni liwe tupu.

Nilimjibu kwa Kiingereza. Nilimwambia debe halili mtama, ndege ndio wanaokula mtama, na kwamba anapima kazi yetu kwa udongo. Kilikuwa Kiingereza safi. Mwalimu wangu angefurahi. Lakini kulikuwa na nyapara pale amesimama asiyekielewa, na mzungu asiyetaka kukisikia kutoka kinywani mwangu. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Wewe iko maneno mingi. Kesho hapana kuja."

Huko ndiko kustaafu kwangu. Nikamfunga Wakesho mgongoni, nikamwomba jirani anitwike lile debe lililojaa, nikaondoka nalo. Mzee Mwakio akanifuata mpaka kwenye reli akisema ile ni mali ya Bwana. Nikamwambia debe nitamrudishia, na udongo ni wa mto. Bwana akiutaka aje auokote kwangu. Nyumbani nikayamwagia madonge maji, yakarudi kuwa tope, nikasiriba sehemu ya ukuta wa jiko kwa mkono wa kushoto. Debe nikalirudisha. Hakuna aliyekuja kuokota.

Sasa sikilizeni habari ya Mkawasi, kisha niwaache. Mkawasi ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, amekuja kwetu kutoka Kasigau. Msimu uliofuata akaitwa dunguni. Nikakosa usingizi. Nilimfundisha kila kitu uani, hatua, kiuno, kiwiko, kufagia mpaka goti, Wakesho akikaa mlangoni akipiga makofi. Alishika haraka. Alisema huko kwao wanaamia tembo, na hajaona mtu aliyemtupia tembo donge; wanapiga madebe na kuwasha moto, na bega la mtu ni la kubebea maji. Nikampenda. Kisha nikamwambia la mwisho: jioni aliache debe na madonge yake mbele ya nyapara, asione haya.

"Wifi," akaniambia, "wewe ulishinda maneno ukapoteza mkono. Mimi nataka mkono."

Nikamwacha uani, nikaingia jikoni.

Akapanda. Jioni ya kwanza akarudi na kikapu kichwani, kimefunikwa majani ya kunde. Akakitua mlangoni pa jiko langu. Chini ya majani kulikuwa na madonge, karibu nusu debe yote. Mzee Mwakio alikuwa amechungulia debe tupu, ametia alama, na amemwambia kwamba watu wa Kasigau wanajua kazi, si kama yule Msomi. Mkawasi alinisimulia hilo bila kucheka, na nilitamani kumpiga kwa kikapu. Mimi ningetaka aone. Ningetaka nyapara alazimishwe kuinua shingo atazame suke. Bado nataka. Madonge yakarundikana mlangoni, sikuyagusa.

Alileta kila jioni mpaka mavuno. Siku ya mwisho alitua kikapu, akamchukua Wakesho, aliyekuwa akitembea sasa na mzito kama jiwe la kusagia, akamwinua kwa mkono wa kulia peke yake mpaka kichwa cha mtoto kikagusa makuti ya dari. Wakesho akang'oa kipande cha ukuti. Mimi mwanangu sijawahi kumwinua hivyo. Mkawasi akamshusha, akanitazama.

Nilikwenda kuchota maji, nikayamwaga juu ya madonge, nikavua viatu nikaanza kukanyaga tope. Akaingia naye.

Tulisiriba kuta tatu za jiko, yeye juu, mimi chini. Njooni mzione. Kila donge ambalo bega la Mkawasi halikurusha liko pale, limekauka, halina ufa. Ukiwa na ujasiri wa kuliacha debe limejaa mbele ya nyapara bila kupanda tena akisema panda, liache, nami nitakuja kusimama nawe na maneno yangu mengi. Ukiwa huna, chukua kikapu, na usione haya mbele yangu. Nimeshakwisha kukasirika kuhusu hilo.

Ukuta wa upande wa reli bado ni fito tupu. Leteni.